Yule Tunayemngoja Yu Kazini



Kila mwaka, ifikapo Jumapili ya nne kabla ya Noeli, padre huvaa vazi la rangi ya zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi tena katika Misa ya Jumapili, na mshumaa wa kwanza kati ya minne huwashwa karibu na altare. Hapo ndipo sisi Wakatoliki tunapoanza kipindi cha Majilio, yaani siku za kumngojea Kristo. Huku kwetu katika Jimbo la Homa Bay, lililokatwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka wa 1993 likapewa nchi yote ya Homa Bay na Migori, siku hizo huangukia wakati mvua za vuli zinapokaribia kwisha. Mahindi yanakauka mashambani, na wazee huketi kivulini wakihesabu ni yupi kati ya watoto walioko Nairobi na Mombasa atakayekuja nyumbani kwa sikukuu, na ni yupi hatakuja. Kungojea, basi, si jambo geni kwetu. Ni nadra kuona boma lisilomngoja mtu mwezi wa Desemba.

Lakini katika Majilio kuna jambo la ajabu ambalo sisi watu wazima tumelizoea hata hatulioni tena. Mtoto aliye safarini hungojewa kwa sababu hajafika. Kristo, sisi twakiri kwamba alikwisha kuja. Alizaliwa Bethlehemu, akafundisha, akafa, akafufuka. Je, yafaa nini kumngoja mtu aliyekwisha kufika?

Niliulizwa swali hilo mwaka wa 1999, na aliyeniuliza hakuwa mwanachuo wala mpinzani wa dini, bali mtoto wa miaka tisa. Ni mtoto wa ndugu yangu mdogo, niliyekuwa nikimlea pamoja na wadogo zake wawili baada ya baba yao kufariki. Tulikuwa tukirudi kutoka kanisani, naye akaniambia, "Baba mkubwa, kama Yesu alikwisha kuja zamani, mbona kila mwaka twamngoja tena? Na kama bado hajaja, yule tuliyemwimbia Noeli ya mwaka jana ni nani?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Sasa hivi anafanya nini?"

Hilo neno la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Anafanya nini sasa? Hakuuliza alifanya nini zamani, maana hayo yamo katika katekisimu. Wala hakuuliza atafanya nini siku ya mwisho, maana hayo nayo yamo. Aliuliza habari za sasa. Nami nimelifikiri jambo hilo kila Majilio tangu siku ile, na leo ningependa kuwaeleza wasomaji yale ninayoyaamini.

Mimi ni mkulima, lakini kwa miaka mingi nilikuwa karani wa chama cha ushirika, kwa hiyo niruhusuni nitoe mfano wa ofisini. Katika vyama vingi mtaona ukutani picha ya mzee aliyekianzisha chama. Imewekwa ndani ya fremu, na vumbi hupanguswa mara moja kwa mwaka. Katika mkutano mkuu wanachama husimama dakika moja kumkumbuka, mwenyekiti husema maneno mazuri juu yake, kisha watu huketi na kuanza kubishana juu ya bei na malipo. Mzee yule anaheshimiwa sana, lakini hatii sahihi hundi yoyote. Haulizwi neno. Aliacha kanuni, na kanuni zinatosha.

Wako Wakristo wengi, tena wema, ambao Kristo kwao ni mzee wa picha ile. Wanampenda, wanatunza sheria zake, wanasherehekea siku yake ya kuzaliwa kwa kuchinja na kuvaa nguo mpya. Lakini wakipatwa na jambo zito, hawadhani kwamba yupo ndani ya jambo lile. Wanafanya shughuli zao kama watoto walioachiwa urithi na baba aliyekwisha kuzikwa. Kama imani yetu ingekuwa hivyo, Majilio yangekuwa matanga ya kila mwaka, wala si kungoja.

Liko jibu la pili, nalo lina historia ndefu katika nchi yetu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1906 Arthur Carscallen, mmisionari kutoka Kanada, alifika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Hao walikuwa Waadventista wa Sabato, na mahubiri yao makubwa yalikuwa kwamba Bwana anarudi upesi. Ndugu zetu hao hawawashi mishumaa minne ya Majilio kama sisi, lakini huo ujio wameuchukua katika jina lao lenyewe, wakaufanya kuwa habari ya mwaka mzima. Mapadre wa Mill Hill nao wakaja kujenga misioni yao ya Asumbi, na Waanglikana wakaenea kutoka upande wa Maseno. Biblia nzima ilipochapishwa kwa Kijaluo mwaka wa 1953, wazee wetu waliweza kusoma katika lugha ya mama zao, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo, habari za Yeye aliyekuja na atakayekuja tena.

Siwezi kuidharau imani ya kurudi kwa Bwana, maana ni imani yangu pia. Kila Misa tunaitamka. Lakini mtu anaweza kuyakaza macho yake mawinguni hata asimwone jirani aliyeanguka shimoni. Akidhulumiwa atasema, "Bwana atakuja kuhukumu." Akidhulumu yeye, anasema, "Bwana bado yuko mbali." Kwa mtu wa namna hiyo Kristo si picha ya ukutani tena, bali ni mkaguzi wa hesabu anayetazamiwa kufika siku isiyojulikana, na kabla hajafika ofisi haina mwenyewe.

Kati ya majibu hayo mawili watu wetu waliona njaa. Sisi wa Nyanza ya Kusini tunajua matokeo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maelfu ya Wakatoliki wa sehemu hizi walitoka wakamfuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko katika Legio Maria. Ondeto alifariki mwaka wa 1991, na mpaka leo mahujaji wenye kanzu za rangi nyingi hupanda kwenda Got Kwer, huko Migori. Wengi wao wanaamini kwamba ndani yake Kristo alirudi akiwa mtu mweusi, mwenye kusema lugha yetu na kula chakula chetu. Mimi siiamini imani hiyo. Lakini sikubaliani na wale wanaoicheka. Wale mama na wazee hawakuwa wakitafuta upuuzi. Walikuwa wakimtafuta Kristo aliye karibu, anayegusa wagonjwa wao, anayejua jina la kijiji chao, asiyehitaji mkalimani. Kama walimtafuta nje ya kanisa, yatupasa sisi tuliobaki ndani tujiulize kama tulikuwa tumewaonyesha kwamba yumo.

Zamani sana, katika nchi ya Ufaransa, aliishi mtawa mmoja mtakatifu, jina lake Bernard wa Clairvaux, aliyefariki mwaka wa 1153. Katika mahubiri yake ya Majilio aliwafundisha watawa wenzake kwamba Kristo haji mara mbili tu, anakuja mara tatu. Mara ya kwanza alikuja katika mwili na udhaifu. Mara ya mwisho atakuja katika utukufu. Lakini katikati kuna kuja kwingine, kusikoonekana kwa macho, anakokuja siku kwa siku kwa nguvu ya Roho yake ndani ya mioyo ya watu. Kuja huko kwa katikati, alisema, ni kama njia inayokuunganisha kule kwa kwanza na kule kwa mwisho. Niliposoma mafundisho hayo nilimkumbuka yule mtoto na swali lake. Yeye alikuwa akiuliza habari za njia hiyo ya katikati.

Maandiko nayo yanaieleza wazi. Waraka kwa Waebrania wafundisha kwamba Kristo yu hai siku zote, na kwamba kazi yake sasa ni kutuombea mbele ya Baba, kama wakili asiyechoka. Mtakatifu Luka asimulia jinsi alivyotembea na wanafunzi wawili katika njia ya Emau wasimtambue, mpaka alipoumega mkate. Naye Mtakatifu Mathayo aandika kwamba siku ya hukumu watu watashangaa kusikia kuwa walimlisha Bwana mwenyewe walipomlisha mwenye njaa, na kwamba walimfungia mlango walipomfungia mgeni. Basi yumo katika Neno lake, yumo katika Ekaristi, yumo katika mtu mwenye shida. Hayo yote ni ya leo.

Lakini, wasomaji, maneno mazuri ni rahisi kuyasema. Afadhali niyapime kwa jambo lililonipata mimi.

Ndugu yangu mdogo alikuwa mvuvi huko Mbita. Alifariki mwaka wa 1998 kwa UKIMWI, ijapokuwa siku zile hatukulitamka neno hilo mazikoni. Wenzangu wa Homa Bay na Migori hawahitaji kuelezwa ugonjwa huo ulitufanyia nini. Hata miaka ishirini baadaye, katika uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2018, ilionekana kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu wazima watano wa Homa Bay anaishi na virusi, na Migori ni watu 13 katika kila 100, hali katika Kenya nzima hawakufika watu 5 katika kila 100. Kabla dawa hazijaja tulizika kila Jumamosi. Mapadre walikonda kwa kazi ya maziko.

Ndugu yangu alikuwa mtu wa sala. Majilio ya mwaka wa 1997 alikuwa amelala kitandani, akaomba Misa isomwe nyumbani kwake. Alingoja kuponywa kwa imani ambayo mimi mwenye afya sikuwa nayo. Hakuponywa. Mwaka wa 2001 hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Zilikuja miaka mitatu baada ya sisi kumfukia. Kwa nini Bwana hakuiharakisha miaka hiyo mitatu? Sina jibu, wala sitatunga jibu ili kuipamba makala hii. Mtu akiniambia kwamba analo, sitamwamini.

Ila naweza kushuhudia nilichokiona. Katika miezi ile ya mwisho, watu wengi waliogopa kuingia katika nyumba yake, hata kikombe alichonywea waliogopa kukigusa. Lakini wako akina mama wanne wa jumuiya yetu ndogo waliokuja kila Alhamisi. Walichota maji, wakamwosha, wakafua shuka zake, wakapika uji, wakasali rozari, wakaenda zao. Mmoja wao alikuwa mjane, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyewalipa wala kuwaandika katika gazeti. Siku moja ndugu yangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nilikuwa nikimngoja Bwana aje kuniponya. Kumbe amekuwa akija kila Alhamisi kuniosha."

Alisema hivyo mtu aliyekuwa akifa. Hakuwa akijifariji kwa uongo, maana alijua kwamba anakufa. Alikuwa ametambua, kama wale wawili wa Emau, ni nani aliyekuwa naye. Nami naona kwamba neno hilo ndilo jibu la mwanawe, ijapokuwa lilitangulia swali. Shemeji yangu alianza dawa mwaka wa 2003, naye yu hai, analima, na siku za Alhamisi huenda kuwatazama wagonjwa wengine. Yule aliyemwosha mumewe bado anakuja. Siku hizi anakuja kwa mikono yake.

Hapo, wasomaji, ndipo ninapoona maana ya kungoja. Wengi wenu mmesimama jioni ufuoni Homa Bay au Muhuru Bay, mkaona ziwa likiwaka taa kama mji uliojengwa juu ya maji. Hao ni wavuvi wa omena. Zamani walitumia karabai, na sasa wengi hutumia taa za betri na za jua. Mvuvi huenda usiku wa giza, maana katika mbalamwezi taa yake haivuti kitu. Huielekeza taa majini, kisha hungoja, saa baada ya saa, mpaka omena wakusanyike. Ukimtazama kwa mbali utasema amelala. Kumbe analinda taa isizimike, anaangalia upepo, anashika kamba, anasikiliza maji. Asipowasha taa hatapata kitu hata angengoja mwaka mzima, na akiiwasha akalala, omena watakuja na kuondoka. Kungoja kwake ni kazi. Bwana wetu naye, alipotaka kufundisha jinsi ya kumngoja, alitoa mfano wa wanawali kumi na taa zao, na waliosifiwa si wale waliokuwa na hamu zaidi, bali wale waliochukua mafuta.

Basi mafuta yetu ni nini? Yohane Mbatizaji, ambaye sauti yake tunaisikia kila Majilio, aliulizwa swali hilo hilo na watu wa kazi mbalimbali. Hakuwatuma jangwani kuvaa ngozi kama yeye. Mwenye nguo mbili alimwambia ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Askari aliwakataza kuwanyang'anya watu, akawaambia waridhike na mshahara wao. Aliwarudisha kila mmoja mahali pake pa kazi, maana huko ndiko Bwana angewakuta.

Nadhani angepita kwetu leo angesema vivyo hivyo. Mnunuzi wa mahindi angemwambia apime kwa mizani ya haki. Karani angemwambia kwamba faili la mama maskini lisikae chini ya mengine mpaka atoe kitu kidogo. Nasi wakulima angetupeleka kwenye mipaka ya mashamba yetu, hasa mpaka ulio kati yetu na mjane. Mwajua ninachosema. Ugonjwa ule ulituachia wajane na mayatima wengi, na kuna mahali ambapo mkonge wa mpakani umekuwa ukitembea usiku, hatua moja kila mwaka. Mtu aliyeusogeza mkonge ule, kisha akaja kuwasha mshumaa wa Majilio, anamwambia Bwana aje upesi na hali amemfungia lango. Arudishe ardhi kwanza. Hapo sala yake itakuwa sala.

Wako watakaoniambia kwamba nimeigeuza imani kuwa matendo mema tu, ambayo hata asiyemjua Kristo aweza kuyafanya. Sivyo. Akina mama wale wanne hawakuanzia kwenye ndoo ya maji. Walianzia katika Misa ya Jumapili, na kila Alhamisi walisoma Injili kabla ya kushika kazi. Nguvu ya kumgusa mtu ambaye wengine walimkimbia hawakuwa nayo wao wenyewe, na mmoja wao aliniambia hivyo waziwazi. Walipewa. Mzee wa picha ya ukutani hawezi kumpa mtu nguvu, wala mkaguzi aliye mbali hawezi. Aliye hai ndiye awezaye. Ndiyo maana sisemi kwamba akina mama wale walimwiga Kristo tu. Nasema Kristo mwenyewe alikuwa akifanya kazi, nao walikubali kuwa mikono yake.

Kwa hiyo mwaka huu, mtoto akikuulizeni kwa nini twamngoja aliyekwisha kuja, msimkemee wala msimpe jibu la haraka. Mwambieni kwamba alikuja, na kwamba atakuja, na kwamba kati ya siku hizo mbili hajaketi bure. Kisha, kama mnaweza, mchukueni pamoja nanyi kwenda kumtazama mgonjwa, au kumsaidia mjane kuvuna mahindi yake kabla ya mvua ya mwisho. Huko ataona zaidi ya yale tuwezayo kumweleza.

Nawatakieni nyote Majilio mema, na Noeli yenye amani katika maboma yenu.